Kwenye skrini wanashinda, mdomo hawafungui. Nitumie zana gani kwenye somo la Kiingereza?

Mwalimu wa Zamu

Heshima kwenu walimu. Naomba mnivumilie, nimeandika kirefu.

Nafundisha Kiingereza, huu ni mwaka wa 11. Darasa ninaloliulizia lina wanafunzi 52, umri miaka 13 hadi 15. Nilichonacho ni projekta moja, kompyuta mpakato moja yenye betri ya kubembeleza, simu yangu, na intaneti inayokuja na kuondoka bila kuaga. Kipindi kimoja kwa wiki tunapewa vishikwambi 13, tunagawana wanne wanne. Simu hawaji nazo darasani, ila jioni wengi wanaweza kuazima ya mzazi kwa nusu saa hivi.

Tangu muhula uliopita natumia mchezo mmoja wa maswali wa mtandaoni. Swali linatokea ukutani, majibu manne ya rangi, saa inahesabu kurudi nyuma, mwisho majina ya washindi yanapanda. Darasa linachangamka mpaka mwalimu wa chumba cha pili anakuja kuchungulia. Nami nikajiona nimefika.

Wiki tatu mfululizo kundi lililoongoza ni la binti mmoja wa benchi la mbele, na mbonyezaji ni yeye. Maswali ya wakati uliopita hakosei. Go, went. Buy, bought. Teach, taught. Anabonyeza kabla sijamaliza kusoma swali. Jumatatu iliyopita nikazima projekta, nikamwuliza tu kama mtu anavyomwuliza mtu: "What did you do yesterday?" Akasimama. Akageuka kutazama ukutani, pale mwanga wa projekta huwa unapiga, kana kwamba majibu manne yangejitokeza achague. Ukuta mtupu. Akakaa kimya, nami nikakaa kimya, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayeomba radhi: "Yesterday I am go."

"Went" hiyohiyo ameshaibonyeza si chini ya mara 20.

Jambo la pili ni insha za nyumbani. Mwanafunzi ambaye darasani anaandika "my brother he like football" ananiletea "Furthermore, it is imperative to acknowledge". Hapo sihitaji upelelezi. Lakini nikapata tovuti inayodai kutambua maandishi ya akili mnemba, nikaingiza insha za darasa zima, ikamtia hatiani na kijana mmoja ambaye aliandika mwenyewe kabisa. Rasimu yake ya penseli niliiona kwa macho yangu, ila niliikumbuka baada ya kuwa nimeshamkemea mbele ya wenzake. Hilo bado linanikaa rohoni.

Sasa, kosa ni la mchezo au ni langu? Kwa vifaa hivi, ni kipi kitawafanya waseme? Na insha nizishike vipi? Tafadhali sana, msinitumie orodha ya "programu 50 bora kwa mwalimu". Ninazo nne, na hata ile ya kwanza sijafika katikati.

Chaki Mkononi

Mwalimu, mchezo wala haujakosea, umefanya ulichoundiwa. Umemzoeza kuitambua "went" akiiona imesimama kati ya nyingine tatu. Kuitoa kichwani wakati mbele hakuna kitu ni kazi nyingine, na kwa maelezo yako hiyo hajawahi kupewa. Mtu ukikutana naye njiani unamjua mara moja, lakini jaribu kumchora akiwa hayupo.

Halafu piga hesabu ya vishikwambi. Kimoja, watu wanne, anayebonyeza mmoja. Hao 39 waliobaki ni mashabiki. Kelele unazozisikia nyingi ni zao, na hakuna ajuaye wanajua nini.

Usiutupe mchezo, ucheleweshe tu. Onyesha swali, kisha funika picha kwa kile kitufe cha kwenye rimoti ya projekta (kama rimoti imepotea, na huwa zinapotea, karatasi ngumu mbele ya lenzi inatosha). Kila mmoja amwambie jirani yake sentensi nzima, kwa mdomo: "She bought it on Friday." Ndipo ufunue majibu. Kwa mpango huo kubonyeza kunakuwa kuhakiki alichokwisha kusema. Na kama mpangilio unaruhusu, zima alama za kasi. Mtoto anayepewa alama nyingi kwa kuwahi atajifunza kuwahi.

Hapo kwenye kusubiri nikuongezee. Miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alipima muda ambao walimu wanasubiri baada ya kuuliza swali. Ulikuwa kama sekunde moja. Waliponyoosha kufikia sekunde tatu, majibu ya wanafunzi yakarefuka na waliozoea kukaa kimya wakaanza kusema. Yale yalikuwa madarasa ya sayansi, na ya watu wanaoongea lugha yao. Sisi tunamdai mtoto afikiri, atafsiri, na atamke, vyote kabla saa ya mchezo haijalia.

Kwa wale 39, angalia Plickers. Mwanafunzi anashika kadi ya karatasi yenye umbo la miraba. Akiigeuza upande huu ni A, upande ule ni B, na kuendelea. Wewe unapitisha kamera ya simu yako juu ya darasa inazisoma zote. Simu moja, ya mwalimu, basi. Kila kadi ina namba yake kwa hiyo unajua nani kajibu nini, na jirani hawezi kunakili kirahisi kwa sababu maumbo hayafanani. Usizifunike kwa plastiki ya kung'aa, mwanga wa dirisha utazipofusha.

Baba Kitabu

Mimi mavitu hayo nilishayaacha. Siku moja nilitumia dakika 12 za kipindi cha dakika 40 kutafuta waya, nikaupata, ukawa siyo wenyewe. Ubao haujawahi kuniomba nenosiri. Waambie wasimulie, wewe sikiliza. Yaliyobaki ni mbwembwe.

Mpiga Imla

Baba Kitabu, "waambie wasimulie, wewe sikiliza" umeisema vizuri kuliko wengi. Tatizo ni hilo la kusikiliza. Watu 52, dakika 40. Ukimpa kila mmoja nusu dakika umemaliza dakika 26, na 51 wamekaa wanasubiri zamu wakichora saa mikononi mwao kwa kalamu. Hapo ndipo mimi nilipoacha kudharau mashine.

Nilianza kazi enzi za redio kaseti, ukitembea na penseli mfukoni ya kurudishia utepe uliochomoka. Walionitangulia walikuwa na maabara za lugha: kila mwanafunzi kwenye kibanda chake, visikilizi masikioni, anarudia sentensi baada ya mkanda. Mwaka 1960 Chuo Kikuu cha Illinois kilikuwa tayari kimeanzisha PLATO, kompyuta ya kufundishia. Kila chombo kilipoingia tuliambiwa safari hii mwalimu atapumzika. Sijapumzika. Katika vyote hivyo kitu kimoja tu sijakiacha, kile kitufe chekundu cha kurekodi.

Mwalimu wa Zamu, mashine zako zote unazitumia kuwapelekea wanafunzi Kiingereza. Zigeuze zikuletee cha kwao.

Mimi nafanya hivi. Jumatatu natoa swali moja la kawaida, la maisha. "What did you do yesterday" linafaa sana, tena umeshaliuliza. Jioni mwanafunzi anachukua simu ya mzazi, anarekodi ujumbe wa sauti wa sekunde 40. Hatumi. Anajisikiliza. Anafuta, anarekodi tena. Mara tatu, kisha anatuma ya tatu. Utaona kwamba mafunzo yenyewe yako katika zile mbili usizozipata. Mtoto akijisikia anasema "I am go" anashtuka mwenyewe, kwa sababu sikio lake linajua Kiingereza kuliko mdomo wake. Ule mchezo wako umemfundisha sikio na jicho, kwa hiyo haukupotea bure.

Waache waandike maneno matano pembeni ya kuwakumbusha, lakini sentensi nzima hapana. Anayesoma utamjua, hapumui mahali pa kupumua.

Najua unawaza: rekodi 52, nitazisikiliza saa ngapi? Usizisikilize zote. Sikiliza kumi kwa wiki, sekunde 40 kila moja, hazifiki dakika saba. Wiki ya sita utakuwa umelizunguka darasa lote na kuanza upya. Usiwatangazie wiki hii ni zamu ya nani. Na jibu lako liwe la sauti pia, fupi, kosa moja tu. Moja kwa wiki! Mwalimu anayerudisha makosa tisa kwa mtoto aliyesema sentensi sita amemwambia anyamaze.

Mambo mawili ya tahadhari. Sauti ya mtoto ni ya mtoto: zungumza na wazazi kwanza, atume kwako peke yako wala si kwenye kundi, na ukishasikiliza futa. La pili, asiye na simu nyumbani asionekane. Wape hao vishikwambi siku yenu ya wiki, watoke nje ya mlango wawili wawili. Ukiwachanganya na wengine wachache wenye simu, hakuna atakayejua kwa nini nani katoka.

Siku intaneti imegoma, tumia saa ya simu yako peke yake. Kuna mbinu ya 4/3/2 ambayo Paul Nation, mtaalamu wa ufundishaji wa lugha, ameiandikia sana. Wanakaa wawili wawili. Mmoja anasimulia dakika 4, anahamia kwa msikilizaji mpya anasimulia habari ileile dakika 3, kisha kwa wa tatu dakika 2. Habari haibadiliki, muda unapungua, ulimi unalainika. Kwa umri wa hao wako anza na 2, moja na nusu, moja. Dakika nne wakiwa hawajazoea ni jangwa.

Sasa la matamshi, na hapa ndipo projekta yako itakapolipa. Pakua Audacity, programu ya kurekodi sauti, mara moja tu, ni ya bure, na baada ya hapo haihitaji mtandao. Unaposema kitu kwenye kipaza cha kompyuta, sauti inajichora kama milima. Sema "desk" uwaonyeshe: mlima mmoja, kisha mchirizi mwembamba wa "s", kisha nukta ya "k", kimya. Halafu mwite mwanafunzi aseme. Mara nyingi utaona baada ya ile nukta unachomoza mlima wa pili, mdogo, ambao kwenye neno la Kiingereza haumo. Hiyo ni "i" yetu, "deski". Nimewaambia wanafunzi miaka na miaka "usiongeze irabu mwishoni" na hawakusikia, maana mtu hasikii alichozoea. Siku walipouona ule mkia ukutani walianza kuukata wenyewe.

Fanya vivyo hivyo kwa mkazo. Mkazo wetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, tunauchukua hivyohivyo tunaupeleka kwenye Kiingereza. "Photograph" mlima mkubwa unatakiwa uwe wa kwanza, wao wanauweka katikati. "Photographer" ukae kwenye "tog", wao wanausogeza kwenye "gra". "Photographic" wanaipatia bila kujua, kwa kuwa hapo Kiingereza chenyewe kimekubali desturi yetu. Wacheke, wajaribu tena, mlima uhame. Muda wako wa matamshi umalizie kwenye irabu: sisi tunazo tano, kwa hiyo "cat", "cut" na "cart" vinatoka neno moja. Ile "th" usihangaike nayo sana. Anayesema "thelathini" na "dhahabu" sawasawa anazo zote mbili mdomoni, mkumbushe tu zilipo.

Nimeandika sana. Uzee.

Bibi Sarufi

Mpiga Imla kamaliza ya mdomo, mimi nije kwenye insha.

Kwanza huyo kijana. Mwombe radhi, na iwe mbele ya walewale uliomkemea mbele yao. Halafu hiyo tovuti usiitumie tena. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichukua insha 91 za mtihani wa Kiingereza uitwao TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao, wakazipitisha kwenye vitambuzi saba vya aina hiyo. Kwa wastani, insha 61 katika kila 100 zilisingiziwa kuwa za mashine. Insha za watoto wa shule wa Marekani zilipita karibu zote salama. Vitambuzi hivyo huangalia, pamoja na mengine, kama maneno yanatabirika. Mtu anayejifunza lugha anatumia maneno machache aliyo na uhakika nayo, kwa hiyo anatabirika. Kosa la kijana wako lilikuwa kuandika kwa uangalifu.

Ninachofanya mimi: aya ya kwanza inaandikwa darasani, kwa mkono, dakika 15, naiwekea saini. Nyumbani anaiendeleza. Ikija na "imperative" namwita mezani, sifoki, namwambia "Hebu nieleze hili neno, na unipe sentensi nyingine yenye hilo." Kama analijua, hongera, amepata neno. Kama halijui, tunalivuka pamoja anaandika "we must". Wakigundua kwamba kila neno zito lina safari ya mezani, uzito unapungua wenyewe. Wanaoandika kwenye kompyuta naomba waandike ndani ya Google Docs, kuna historia ya matoleo, unaona insha ilivyokua. Iliyomea saa 3 usiku kwa pigo moja, aya tano, inajieleza.

Akili mnemba yenyewe siikatazi, nimechoka kupigana na mvua. Naigeuza. Mwanafunzi anaandika aya yake kwanza, mbaya hivyohivyo, anaipa mashine imsahihishie makosa tu bila kuiandika upya. Analeta zote mbili. Alama zangu ziko kwenye maelezo yake: masahihisho mawili aliyoyakubali na sababu, na moja alilolikataa na sababu. Hilo la kukataa ndilo linalowafungua macho. Mmoja aliwahi kuniandikia kwa Kiingereza kibovu kitamu sana: "The machine change my grandmother, she is not elderly individual, she is old." Nikampa zote.

Kuhusu "went" aliyoibonyeza mara 20: je, ilikuwa ndani ya wiki moja? Mwanasaikolojia Mjerumani, Hermann Ebbinghaus, alijipima mwenyewe kumbukumbu na kuchapisha matokeo mwaka 1885, na hadi leo hakuna aliyemtengua katika hili: kurudia kwa kuachia siku katikati kunashika kuliko kurudia kwa mkupuo. Programu kama Anki zinakupangia hizo siku. Kama huna vifaa vya kutosha, chukua kadi za karatasi na maboksi matano ya viatu. Kadi ukiipatia inahamia boksi linalofuata, ambalo linafunguliwa baada ya siku nyingi zaidi. Ukiikosa inarudi la kwanza. Ndiyo mbinu ya Sebastian Leitner, ya mwaka 1972. Ila mbele ya kadi usiandike "go", andika mwanzo wa sentensi: "Yesterday I..." aimalizie kwa sauti.

Mwalimu wa Zamu

Nimerudi. Wiki sita zimepita, nilitaka nisirudi na maneno matupu.

Mpiga Imla, shikamoo mzee wangu. Bibi Sarufi, shikamoo. Yule kijana nimemwomba radhi, mbele ya darasa. Alitazama chini muda wote, wenzake wakapiga makofi ambayo sikuyaomba. Tangu hapo insha zake zimekuwa ndefu zaidi. Sijui ni kwa sababu hiyo au la.

Rekodi zilianza vibaya. Wiki ya kwanza zilikuja 31, karibu zote Jumapili usiku kati ya saa 3 na saa 4, simu yangu ikajaa ikaanza kukataa hata ujumbe wa kawaida. Tatu zilikuwa za kunong'ona kwa sababu nyumbani watu wameshalala. Moja ilikuwa sauti ya dada mtu mzima, Kiingereza safi, nyuma yake mwanafunzi wangu anasikika akimwambia "sema polepole". Nyingine sekunde 11, na sita kati ya hizo ni kupumua. Hiyo ya kupumua ni ya binti yangu wa benchi la mbele.

Nikabadilisha mambo mawili. Siku za kutuma nimezigawa kwa benchi, Jumatatu hadi Alhamisi. Na swali linatoka na mwanzo wa sentensi moja, wasikae wakitafuta pa kuingilia. Wiki ya nne zilifika 44. Wale wasio na simu wanarekodi kwa kishikwambi nje ya mlango kama ulivyosema, na hao ndio wanaonishangaza, kwa kuwa wako wawili, mmoja anamsahihisha mwenzake kabla hajabonyeza. Sasa hata wenye simu wanaomba kutoka nje.

Kadi za Plickers nilizichapa ndogo mno ili kubana karatasi, simu haikuzisoma za nyuma. Nimechapa upya, kadi moja karatasi moja. Na Chaki Mkononi, ile ya kufunika lenzi kwa karatasi naifanya, mara ya kwanza walinizomea.

Mkia wa "desk" uliua darasa. Waliomba tufanye "book", "milk", "test", tukamaliza kipindi hapo, mpango wangu wa somo ukaenda na maji. Ila nimesikia mtu uwanjani akimwambia mwenzake "umeacha mkia", na walikuwa hawazungumzi Kiingereza wakati huo, mmoja alikuwa anamcheka mwingine tu.

Jumanne nikamwuliza tena binti yule, projekta imezimwa, swali lilelile. Akasimama. Ukutani hakutazama. "Yesterday I goed..." akasimama hapo, akakunja uso, akainua mkono kama mtu anayesimamisha gari: "Wait, teacher. I say again." Nikahesabu mpaka tatu, nikaendelea kuhesabu.

Swali dogo kwa Mpiga Imla: yale mafaili ya Audacity yanakula nafasi mno kwenye kompyuta. Nayahifadhije?

Mpiga Imla

Marahaba mwanangu. Usihifadhi mradi wa Audacity wenyewe, hamisha kwenda MP3. Chagua mono, na kiwango cha 64 kbps. Dakika moja haifiki nusu MB, na kwa sauti ya mtu anayeongea hutaona tofauti. Kisha mradi ufute.

Lakini wewe, unaanza hadithi unaiacha njiani. Huyo binti alipoanza tena alisemaje?

Mwalimu wa Zamu

"Yesterday I went to my aunt and we talked and we talked until the sun go."

Hiyo "go" nimeiacha. Kosa la wiki hii ameshapewa.